Arobaini ya Munguakonkwa

Ukikaa mtaa huu, kartie ya Majengo, hapa Goma, unamjua Munguakonkwa kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Ni mzee wa miaka sitini na mmoja, mfupi, mwenye kitambi anachokibeba kwa heshima, na yapata miaka kumi na minne sasa ndiye anayezunguka na megafoni ya kituo cha afya kututangazia siku ya chanjo, siku ya vyandarua, siku ya dawa ya minyoo. Alizaliwa Kabare, upande wa Bukavu. Alikuja Goma kijana, kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, akawa karani katika ghala la kahawa. Mwaka 2002 lava ya mlima wetu wa volkeno ilishuka mjini, na aliporudi kazini alikuta ofisi imekuwa jiwe linalofuka moshi. Kuanzia hapo alijaribu hiki na kile, mpaka siku moja muuguzi mkuu wa kituo alipomsikia akimwita mbuzi wake aliyepotea. Mbuzi alikuwa ameshafika Katoyi, kartie nyingine kabisa. Alisikia, akarudi. Muuguzi akasema mtu huyu hatuwezi kumwacha hivi hivi.

Kanisani anaimba pia. Padri alimwomba kwa upole asimame mstari wa nyuma, karibu na mlango, na mlango ubaki wazi.

Mkewe, Mama Bibiche, ni mshonaji. Cherehani yake iko barazani, na kelele za mumewe amezizoea kama watu wa kando ya ziwa walivyozoea mawimbi. Ambaye hajawahi kuzizoea ni jirani yao, Kakule, muuza samaki kutoka upande wa Butembo. Nyumba zao zinatenganishwa na ukuta wa mawe ya volkeno unaofika kifuani, na mabwana hao wawili wamegombana juu yake miaka kumi na tisa: maji ya mvua yanamwagika upande wa nani, jogoo wa nani anawika kabla ya wakati, nani alianza kumnunia mwenzake. Mwaka 2021, mlima ulipowaka tena na mji ukakimbia, walijikuta kwenye lori moja kuelekea Sake. Waliokuwa ndani wanasema njia nzima hawakuzungumzia mlima. Walizungumzia mfereji wa bati.

Kakule ni mrefu, mkavu, na msafi kupita kiasi. Anapanga samaki akiwa na shati jeupe, na hutaona gamba hata moja kwenye mkono wa shati. Hufuata tilapia Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward, wengine wa moshi, wengine wa chumvi, na ni samaki wazuri, hilo hatubishi. Tulichokichoka ni mahubiri yake. Kila kipindupindu, ambacho huku tunakiita kolera, kilipoingia mjini, Kakule alisimama mlangoni kwake na kusema, "Kolera ni ugonjwa ya batu bachafu. Mimi na kolera hatuwezi kusalimiana." Sisi ambao tumeshalazwa kwa kolera, na tuko wengi kwa sababu maji tunachota ziwani, tulinyamaza, tukanunua samaki, tukaondoka.

Sasa, mwezi wa sita, kituo kilitangaza kampeni ya chanjo ya kolera, ile ya kunywa. Wahamasishaji saba waliitwa kwenye mafunzo, Munguakonkwa akiwa wa kwanza kwenye benchi. Aliyewafundisha ni Munezero, dada wa maabara, mtu wa miaka kama thelathini, mpole, anayeongea kama anapima kila neno kwa kijiko.

"Kolera yetu iko ya ukoo moja," Munezero aliwaambia, "lakini inavaa kwa namna mbili. Moja tunaiita Ogawa, ya pili Inaba. Huku kwetu tulizoea kuona Ogawa. Sasa ku labo tunaanza kuona Inaba."

Mmoja akauliza kama Ogawa ni ile kampuni ya pikipiki. Munezero akasema hapana, ni majina ya Kijapani, yalitolewa zamani. Akaendelea kueleza mengine mengi, lakini Munguakonkwa alikuwa ameshapata alichokitaka, na akili yake ilikuwa njiani.

Saa nane mchana Majengo nzima ilimsikia:

"Bandugu, mikrobe imebadilisha koti. Ogawa muliyoizoea imeenda. Kunakuja ndugu yake, jina yake Inaba, na damu zenu hazimujue. Narudilia: hazimujue."

Kesho yake foleni ya chanjo ilianza asubuhi na kufikia saa nne ilikuwa imegeuka mkutano. Mama mmoja alikirudisha kichupa cha chanjo mkononi mwa muuguzi. "Ogawa nilikunywa myaka tatu imepita. Mi nataka ya Inaba." Nyuma yake mzee mmoja akasema yeye apewe Ogawa, ameizoea na haikumsumbua. Vijana wawili walikuwa wameshakwenda kwa mkuu wa nyumba kumi kumtaka aangalie kwenye daftari la wageni kama kuna familia ya Inaba iliyohamia kartie, na kama ipo, irudishwe ilikotoka. Mkuu, ambaye ni mtu wa kazi, aliangalia kweli.

Munezero alimvuta Munguakonkwa nyuma ya kituo, penye matangi ya maji.

"Papa, uliwaambia nini?"

"Nilisema vile ulisema."

"Mi nilisema chanjo iko na zote mbili ndani. Mikrobe ya Ogawa na ya Inaba, zimeuliwa, ziko pamoja mu kichupa kimoja. Tangu zamani."

Munguakonkwa akafikiri. "Hiyo sikusikia."

"Ulikuwa umesimama tayari."

Hakumgombeza. Alikaa juu ya jiwe, akamweleza upya, pole pole. Mikrobe ya kolera, yaani kijidudu chake, alisema, ina minyororo ya sukari juu ya ngozi yake, kama nyuzi za blanketi. Ogawa ina kitu kidogo sana kwenye ncha ya mnyororo, mfano wa kifungo cha shati. Inaba ni ile ile, lakini kifungo hakipo. Damu ya mtu nayo ina walinzi, na kila mlinzi ana namna yake ya kumtambua mgeni. Wako wanaotazama mnyororo wenyewe, hao hawadanganyiki kwa koti lolote. Wako wanaotazama kifungo tu.

"Kama santineli ya benki," Munguakonkwa akasema.

"Kama yeye. Sasa mutu ambaye alijifunza ku Ogawa tu, walinzi wake wengi wanatafuta kifungo. Inaba anapita mbele yao shati wazi, wengine wanamuacha aingie. Siyo wote. Wengine. Njo maana chanjo inaonyesha damu makoti yote mbili."

"Kifungo moja tu, na fujo yote hii."

"Kifungo moja."

Jioni hiyo alitangaza tena, safari hii akiwa na karatasi iliyoandikwa na Munezero, na chini ya kila mstari Munezero alikuwa ameandika: usiongeze kitu. Watu walikunywa. Mzee wa Ogawa alikunywa pia, baada ya kuhakikishiwa kwamba Ogawa yake imo.

Pamoja na chanjo kulikuwa na utafiti. Munezero na wenzake walitafuta watu wazima sitini wa Majengo watakaokubali kutolewa damu mara mbili, kabla ya kunywa chanjo na wiki mbili baadaye, ili ionekane damu yetu inajifunza namna gani juu ya koti la kwanza na la pili. Atakayetaka majibu yake angepewa kwenye karatasi. Munguakonkwa alijiandikisha wa kwanza. Kisha, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umeshafungwa pamba na alijiona shujaa, akaenda kusimama mbele ya meza ya samaki ya Kakule, wateja wakiwa wamejaa.

"Jirani, wewe hautatoa damu?"

"Niko na kazi."

"Sawa. Nilifikiri mutu musafi hawezi kuogopa batu baangalie ndani."

Wateja walimgeukia Kakule. Kakule alifuta kisu chake, akafuta tena kisu kilichokwisha kufutwa, akasema atakwenda. Alikwenda siku hiyo hiyo, akatoa damu, akanywa chanjo mbele ya mkewe, Mama Kasoki, ambaye alimsimamia kama mtoto wa shule.

Majibu yalirudi mwezi wa nane. Kila karatasi ilikuwa na safu mbili, kabla na baada, na mistari miwili, Ogawa na Inaba. Munguakonkwa alivaa koti kwenda kuchukua yake. Kabla ya chanjo: Ogawa ishirini, Inaba kumi. Baada: Ogawa mia moja sitini, Inaba arobaini. Hakujua kama ni nzuri au mbaya, na angeweza kuishi na furaha hiyo ya kutojua, ila aliporudi alikuta watu wamejazana kwa Kakule.

Kakule alikuwa ameinua karatasi yake juu. Nambari kubwa hapa Goma husemwa kwa Kifaransa, maana kwa Kiswahili zinachelewa kumalizika.

"Inaba: mille deux cent quatre-vingts," akasoma. Elfu moja mia mbili themanini. Watu wakapiga mluzi. "Jirani, wewe njo ulitupigia makelele juu ya Inaba. Yako ngapi?"

Munguakonkwa ana dosari nyingi, lakini kusema uongo hawezi. Nafikiri ni kwa sababu ya sauti: uongo unahitaji mtu anayeweza kuongea chini.

"Arobaini," akasema, na barabara nzima ikajua.

"Arobaini ni siku za mwizi," Kakule akasema.

Tulicheka. Mimi pia nilicheka, siwezi kukana. Tangu siku hiyo akawa Papa Arobaini. Alipopita na megafoni kutangaza dawa ya minyoo, wasichana waliotoka kuchota maji waliitikia "arobaini" kwa sauti ya kwaya. Hilo angelivumilia. Lililomuuma ni maneno mengine yaliyoanza chini chini: ikiwa mtangazaji mwenyewe, aliyekunywa wa kwanza, ana arobaini tu, awamu ya pili ya chanjo, mwezi wa tisa, tutakwenda kufanya nini? Kakule naye aliipeleka karatasi kwa fundi wa fotokopi, ikafunikwa plastiki, akaitundika juu ya meza ya samaki. Alianza kuwaambia wateja kwamba namba ile kubwa imeletwa na usafi.

Mama Bibiche alijaribu kumtuliza. "Muzee yangu, ni namba tu."

"Hata mbuzi wa jirani iko na zaidi ya arobaini," akajibu, akakataa bugali, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu wafunge ndoa.

Baada ya wiki moja alikwenda maabara na kumwambia Munezero wapime tena, pengine damu yake ilichanganywa na ya mgonjwa. Munezero akamketisha.

"Papa, unajua hizi namba tunazipata namna gani? Tunachukua damu yako, ile maji yake ya juu, tunaiongezea maji. Mara kumi, mara ishirini, mara arobaini. Kila mara tunaitia ku mikrobe, tunaangalia kama bado inaua. Yako iliua mpaka mara arobaini."

"Na ya mwingine mpaka mille deux cent."

"Kama mchuzi. Kuna mchuzi unaweza kuongezea maji mara mingi na bado una chumvi."

"Mi basi niko mchuzi wa maji."

"Hapana. Kutoka kumi mpaka arobaini, damu yako ilijifunza, mara ine. Tena karatasi inaona damu tu. Walinzi wengine wako ku matumbo, na damu yako inakumbuka hata namba ikishuka. Mutu wa arobaini anaweza asiugue, mutu wa namba kubwa anaweza kuugua. Hii si mechi ya foot."

Alikuwa anaanza kupata nafuu. Ndipo Munezero, kwa kutaka kumfariji zaidi, akaongeza, "Na pia, si kila namba kubwa inatoka ku chanjo. Uangalie safu ya kwanza, ile ya kabla. Mutu ambaye hajaona kolera karibuni, pale anakuwa na namba ndogo kama wewe. Kama pale tayari iko kubwa, njo kusema alikutana nayo yeye mwenyewe, miezi kidogo tu imepita. Alikutana nayo kabisa, na ndoo chini ya kitanda."

Munguakonkwa akasogeza kiti. "Na kama Inaba njo iko kubwa kuliko Ogawa?"

"Basi pengine iliyomupata ilikuwa Inaba. Lakini pengine." Munezero akamtazama. "Papa, unauliza juu ya nani?"

"Juu ya sayansi," akasema, akachukua koti lake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Kakule na kuomba tilapia wawili wa moshi ambao hakuwahitaji. Kakule alipoinama kuwafunga, Munguakonkwa alisoma karatasi iliyo juu ya meza, ndani ya plastiki yake nzuri, ambayo tangu wiki iliyopita kila mtu aliisoma upande wa kulia tu. Upande wa kushoto, kabla ya chanjo: Ogawa mia tatu ishirini, Inaba 1280. Nambari zile zile. Chanjo haikuongeza kitu, maana damu ya Kakule ilifika darasani ikiwa imeshamaliza shule.

Akahesabu miezi akiwa njiani. Damu ilitolewa mwezi wa sita. Mwezi wa tatu Kakule alikwenda Vitshumbi kununua samaki, safari ya siku tano, akarudi siku ya kumi na tisa. Alisema barabara ilifungwa na akakwama Kiwanja, mji wa njiani, na chakula cha Kiwanja kilikuwa kibaya. Alirudi shingo kama ya korongo na mshipi umetobolewa matundu mapya mawili.

Aliingia nyumbani anang'aa. "Bibiche, ule mutu musafi alikuwa na kolera."

Cherehani ilisimama. Alimweleza yote, safu ya kushoto, kifungo, ndoo. Mama Bibiche, ambaye amefungia watu vifungo miaka thelathini, alielewa kabla hajamaliza. Lakini hakucheka.

"Unajua Kasoki anafikiri nini juu ya zile siku?" akauliza. "Anafikiri kuko mwanamuke Kiwanja. Tangu mwezi wa tatu. Kakule akiulizwa juu ya Kiwanja anatoka jasho, anabadilisha maneno. Kasoki amefunga sanduku. Siku ya Mungu, Jumapili hii, anaenda kwa bakaka bake Butembo, na hatarudi."

Munguakonkwa akakaa chini. Wiki nzima alikuwa ameomba apewe jiwe la kumpiga Kakule. Sasa amelipata, na anaambiwa kwamba akimpiga nalo atakuwa amemwokoa. Utamu wote ukaisha.

"Nikinyamaza je?" akauliza.

"Ukinyamaza utabaki naye pake yake, wewe na yeye na ule ukuta, mpaka mufe."

Akainuka.

Kakule alikuwa chumba cha nyuma cha duka akipanga samaki wa chumvi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Munguakonkwa aliamua kuongea naye kwa faragha. Alifunga mlango, akasogea karibu, akakinga mdomo kwa mkono.

"Kakule, najua ya mwezi wa tatu," akanong'ona.

Sasa kunong'ona kwa Munguakonkwa ni kuongea kwa mtu mwingine aliye na hasira kidogo. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Uani, Mama Kasoki alikuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo. Alikuja na kisu chake.

"Mwezi wa tatu nini?" akauliza.

Kakule alimtazama mkewe, akamtazama jirani, akatazama samaki, kana kwamba mmoja wao angemsaidia. Munguakonkwa anasema aliona uso wa mtu anayechagua kati ya aibu mbili, na kwamba hajawahi kuona mtu akifikiri kwa bidii namna ile.

"Nilikuwa na kolera," Kakule akasema mwishowe. "Vitshumbi. Nililazwa."

"Kolera," Mama Kasoki akasema. "Wewe. Mutu wa kufua sabuni yenyewe."

"Njo hiyo. Ningesema nini kwa bakiliya? Nani atanunua samaki ku mutu wa kolera?"

"Yule mwanamuke wa Kiwanja alikufundisha kusema vile?"

Munguakonkwa, ambaye alikuja kumzika Kakule, akajikuta anamtetea. "Mama Kasoki, ni kweli. Damu yake imeandika. Safu ya kushoto."

Basi wakaenda maabara, wote watatu, na Mama Bibiche wa nne. Munezero aliona karatasi ile ikitolewa kwenye kikapu, ikinuka moshi, akamtazama Munguakonkwa kwa muda mrefu. Kwanza akamwomba Kakule ruhusa ya kusoma mbele za watu. Kakule akakubali kwa kichwa.

"Hii damu ilipigana na kolera miezi michache mbele ya chanjo," Munezero akasema. "Na kolera yenyewe inaonekana ilikuwa Inaba."

"Inaonyesha Vitshumbi?" Mama Kasoki akauliza.

"Hapana, mama. Haionyeshe mahali."

"Inaonyesha alilala kwa nani?"

"Hapana. Hiyo labo haipime."

Mama Kasoki akakunja mikono. "Basi anaweza kuwa aliipatia Kiwanja, kwa ule mwanamuke. Naye ni muchafu."

Kakule akatoa simu. Jasho lile la kuulizwa juu ya Kiwanja lilikuwa limerudi. Alisema kuna muuguzi huko Vitshumbi, jina lake Nsabimana, ndiye aliyemtibu. Mama Kasoki alimnyang'anya simu, akaweka sauti ya nje, akaiweka mezani. Ikaita. Akapokea mwanamume mwenye sauti ya uchangamfu.

"Aa, Papa Munguakonkwa," akasema. "Uko muzima? Hapa hatujakusahau."

Munguakonkwa alijitazama kifuani, kama kuhakikisha.

"Ni Munguakonkwa nani?" Mama Kasoki akauliza simu.

"Papa wa shati nyeupe, wa Goma, Majengo. Njo alijiandikisha vile. Tulimutia serum ku mushipa, chupa kumi na moja. Siku ya pili alikuwa analia anaita Kasoki, Kasoki. Tulifikiri Kasoki ni mama yake, maana aliapa akipona atamusikilizaka."

Mama Kasoki alifunika uso kwa kitenge. Mabega yalitikisika, na Kakule akafikiri analia, akamgusa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, Mama Bibiche akaanza naye, na Munezero akageukia ukutani kusoma bango la kunawa mikono alilolitundika mwenyewe.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja. "Ulilalia kitanda cha kolera na jina yangu," Munguakonkwa akasema, na watu waliokuwa kwenye foleni nje wakasimama. "Mi sijafika Vitshumbi hata siku moja."

"Waliniuliza jina haraka haraka," Kakule akasema. "Nilitafuta jina ya mutu, yako njo ilikuja. Ni wewe njo nasikia kila siku."

Maneno hayo, ukiyatazama vizuri, ni kama sifa, na nadhani ndiyo sababu Munguakonkwa hakumrukia. Alimuuliza tu Munezero, kwa mujibu wa kitabu cha hospitali, ile 1280 ni ya nani. Munezero akasema damu haifuati majina.

Habari ilizunguka kabla hawajafika nyumbani. Wateja walipungua wiki mbili, kisha wakarudi, kwa sababu samaki walikuwa wale wale na sisi ndio wale wale. Kakule hakuirudisha karatasi juu ya meza ya samaki. Mahubiri ya wachafu na wasafi yakaisha, na mwezi wa tisa, kwenye awamu ya pili, alikuja mwenyewe kituoni akaomba aseme neno kwa megafoni. Alisema robo saa. Alieleza kitanda chenye tundu, chupa kumi na moja, Inaba isiyo na kifungo, na jinsi mtu anavyoweza kuwa na shati jeupe na maji yake ya kunywa yakawa yametoka pale pale penye mitumbwi. Munguakonkwa alisimama kando akitazama saa yake, akasema baadaye kwamba jirani ana mambo lakini hana pumzi. Watu walikuja kunywa wengi kuliko mwezi wa sita. Munguakonkwa alikunywa yake, akauliza kama watampima tena. Munezero akasema hapana, safari hii hakuna namba kwa mtu yeyote, na alionekana mwenye kulala vizuri kwa sababu hiyo.

Mama Kasoki alifungua sanduku lake, kisha akalifunga tena, maana alitaka kwenda Vitshumbi. Alisema muuguzi aliyemvumilia mume wake siku zile anastahili kusalimiwa kwa mkono, na jina la Munguakonkwa litolewe kitabuni. Waliondoka pamoja Jumatatu. Kabla ya kuondoka, Kakule alisimama kwenye ukuta, akazunguka maneno, na mwisho akauliza kama jirani anaweza kumwangalizia duka siku tano.

Kwa hiyo wiki ile tulinunua samaki kwa Munguakonkwa. Alivaa aproni aliyoshonewa na Mama Bibiche, akatangaza bidhaa bila megafoni, na waliokuwa Katoyi walijua tilapia wamebaki wangapi. Bei hakuzijua, akawa anatuuliza sisi, nasi tukamjibu kwa uaminifu wa kadiri. Siku ya pili mama mmoja alifika akaomba kambale, yule samaki wa ndevu, ambaye jina lake upande wa Butembo ni jina la mwanamume pia, kama Kakule. Munguakonkwa alitazama meza yote, toka mwanzo hadi mwisho.

"Kambale simujui, mama," akasema. "Hapa kuko Kakule tu, naye amesafiri na bibi yake."